Masika Wawili

Tangu nirudi Butembo, kila nikikaa hapa mtaani Kimemi mtu ananiuliza jambo lilelile: je, ni kweli dada yangu amepanda ndege? Wengine wanauliza kama mimi mwenyewe nimefika Kanada, maana nilikaa miezi minne bila habari, na viatu nilivyorudi navyo si vile nilivyoondoka navyo. Kanada sijafika. Nimechoka kueleza vipandevipande, huyu njiani, yule kwenye duka la nyama, kwa hiyo nimechukua daftari niandike yote mara moja, mpokezane. Shule niliacha darasa la nne, makosa mtayasamehe. Hasira msiisamehe. Nimeiandika makusudi.

Kwanza niwakumbushe watu wenyewe. Nilikuwa na dada wawili. Yustina aliolewa upande wa Lubero. Askari walipopita kijijini kwake, yeye na mumewe hawakutoka nyumbani wakiwa hai. Alibaki binti yao, Masika. Kavira, dada yangu wa pili, alimchukua mtoto siku ileile ya kilio, akamlea pamoja na binti yake wa kuzaa, ambaye naye ni Masika, na mvulana wake, ambaye ni Paluku kama mimi. Ninyi mnajua sababu. Lakini daftari likifika kwa mtu asiye wa kwetu, ajue kwamba sisi Wanande mtoto tunampa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Masika ni msichana wa kwanza wa mama yake, Paluku ni mvulana wa kwanza, na wengine wanafuata, kila mmoja na jina la zamu yake. Basi nyumbani kwa Kavira tulisema Masika Mukubwa na Masika Mudogo, na hakuna jirani aliyewahi kushangaa.

Baadaye mume wa Kavira alikamatwa abebe mizigo ya askari, akaenda moja kwa moja, hakurudi. Kavira akavuka mpaka wa Kasindi na watoto watatu, akaingia kambini Uganda. Mwaka wa tatu jina lake lilitoka katika watu wa kuhamishiwa nchi ya mbali. Kisha dereva mmoja wa lori la kahawa akaniletea ujumbe wake: faili imesimamishwa, wameandika kwamba yeye ni mwongo. Nilete karatasi ya kuonyesha Masika Mukubwa ametoka wapi, kabla hawajamwita mara ya mwisho.

Na hapa kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Mwaka mmoja nyuma, katika kuzunguka kwangu, nilipita kambi ile. Kavira aliniuliza atasema nini kuhusu Masika Mukubwa siku ya kuhojiwa. Mimi nilikuwa nimesikia vijana wa Kasese wakicheza drafti na kusema ofisi hazipendi hadithi ndefu. Nikamjibu kama mtu anayejua: "Hapana kusema mingi. Sema bote batatu ni ba kwako." Nikala chakula chake, nikaondoka.

Lubero, ambako babu zetu walivutwa

Niliondoka Butembo juu ya magunia ya chumvi. Safari ya nusu siku tuliimaliza siku ya pili, kwa sababu mlima mmoja ulikuwa tope tupu na lori lilirudi nyuma kila tulipolisukuma. Wanawake wa kijiji cha pale walituuzia viazi vya kuchemsha na kututazama kama mchezo. Mmoja aliniambia nasukuma kwa mdomo tu. Alikuwa amesema kweli.

Kwenye parokia ambako Masika Mukubwa alibatizwa nilimkuta karani, mzee Desideri, amevaa soksi mikononi kwa ajili ya baridi, amezitoboa ili vidole vitoke. Hakutaka kunifungulia kitabu. Akaniuliza mama wa ubatizo wa mtoto ni nani. Sikujua.

"Weye njo mujomba," akasema, "na marraine ya mutoto haujue?"

Nikamwambia mimi ni mujomba wa barabarani. Hakucheka. Alinipa kazi ya kupasua kuni za padri tangu asubuhi hadi kengele ya saa sita, na nadhani alikuwa ananipima kama nitakimbia. Nilipomaliza alinipa viazi na maharagwe, akafungua kabati.

Vitabu vilikuwa vimenyofolewa. Askari walilala katika ile ofisi majuma matatu, wakawashia moto kurasa na kusokotea tumbaku. Walianzia mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, kama watu wanaosoma. "Bale ba zamani babavuta bote," akasema Desideri. "Babu yako, banamuvuta. Na wa kwangu pia." Masika Mukubwa alipona kwa sababu yuko mwisho mwisho wa kitabu, na wale askari walihamishwa kabla tumbaku yao haijamfikia. Hivyo ndivyo mtoto anavyobaki na ushahidi katika nchi yetu.

Desideri alinakili pole pole, akipuliza vidole. Alipofika kwenye mstari wa mama aliandika Yustina, halafu akauliza mtoto anaishi na nani sasa. Nikasema na mama yake, Kavira. Akaninyooshea kalamu.

"Mama yake ni Yustina. Nimetoka kuandika sasa hivi."

"Njo vile. Lakini mama yake ni Kavira."

"Mimi nasikia," akasema. "Shida ni ule mwenye atasoma." Akapiga muhuri.

Barieri ya mtu asiyenijua jina

Nilirudi Butembo, nikapata gari la Beni. Baada ya Maboya kulikuwa na barieri, kamba imefungwa barabarani na askari watano, wale wa wakubwa wa wakati huo. Siwataji, maana mwezi uliofuata walikuwa wengine na kamba ilikuwa ileile. Abiria wote walishushwa. Mwenye kusoma karatasi alitoka mbali, upande wa wasemao Lingala, na kusoma kwake kulikuwa kama kwangu, kidole chini ya neno.

"Masika," akasoma. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Yo, njo Masika? Mwanamuke na ndevu?"

Nikamweleza ni mtoto wa dada yangu. Akauliza jina la dada. Nikasema Yustina amekufa, na mwingine ni Kavira. Akauliza kwa nini katika familia moja hakuna hata watu wawili wenye jina moja la baba. Nikamweleza mambo ya zamu. Akafikiri kidogo, akawaita wenzake waje wasikie. Nikaeleza tena. Wakacheka sana, wakaniuliza wa saba anaitwaje, na wa nane, na kama mama akizaa kumi na watano mnafanya nini. Halafu, baada ya kucheka vile, yule wa kwanza akasema bado mimi nasafiri na karatasi ya mwanamke, na akaniamuru nimenye mihogo yao.

Gari liliondoka. Nilimenya mihogo hadi jua likageuka. Hawakunipiga, na kwa siku zile mtu hushukuru kwa hilo, ndiyo aibu yenyewe. Nilikaa juu ya jiwe nikiwamenyea watu waliokula mashamba yetu, nikiwaangalia wakipangusia mikono yao pembeni ya karatasi ya mtoto. Doa la mafuta liko pale hadi leo. Waliponiachia, yule msomaji alinipigia saluti: "Kwenda, Mama Masika."

Chakula cha Beu

Beni nilifika kwa miguu na kwa baiskeli ya mtu, nikashukia mtaa wa Beu kwa Papa Elie, mnunuzi wa kahawa, Mprotestanti wa kweli, anayesali kabla ya chakula hadi chakula kinapoa. Tulifahamiana zamani nikibeba magunia yake. Barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa kwa mapigano, kwa hiyo nilikaa kwake siku sita. Mkewe alitupikia sombe, majani ya muhogo, na samaki wa chumvi, na kila siku watoto waliniuliza kama kweli Uganda kuna barabara nyeusi.

Siku ya sita habari ilikuja kwamba magari yanapita. Papa Elie alimwita mwanawe wa kwanza, akamketisha karibu yangu, akaweka mezani picha yake ndogo, ile ya kitambulisho.

"Paluku, ndugu yangu. Dada yako eko na batoto batatu kwa faili. Wa ine ni mingi?"

Sikuelewa mara moja. Alikuwa anataka mwanawe aandikwe kwa Kavira. Aende Kanada, asome, siku moja awakumbuke. Alisema kwa sauti ya chini, bila hila, kama mtu anayeomba nafasi kwenye gari. Mkewe alikuwa ameacha kuosha vyombo.

Nilisimama, nikasema maneno mabaya. Nikasema watu kama yeye ndio wanaofanya dada yangu aitwe mwongo. Niliacha sahani imejaa, na kwetu mnajua maana ya kuacha sahani imejaa nyumbani kwa mtu. Mama Elie alifunika ile sahani na nyingine bila kunitazama.

Nilikuwa nimetembea hadi kituo cha magari ndipo nikakumbuka maneno yangu mwenyewe: sema bote ni ba kwako. Tofauti ya mimi na Elie ilikuwa nini? Mtoto wake alikuwa na baba na mama, ndiyo. Lakini ofisi ile haikuona wala mtoto wake wala wa kwetu. Iliona majina. Nilitaka kurudi niombe msamaha, gari likapiga honi, nikapanda. Hadi leo sijarudi Beu.

Kasindi, na viatu

Daraja la Semuliki tulivuka salama. Kasindi hawakunizuia ila kuniuliza naenda kufanya nini, na nikasema kusalimia, jambo ambalo ni kweli. Ng'ambo, kuelekea Kasese, watu wanasema lugha yetu kwa tuni nyingine na wanaitana Masika kama sisi. Nilicheka peke yangu niliposikia mama mmoja sokoni akimwita binti yake. Sikujua kwamba jambo lile lile ndilo lililotuvunja.

Kasese nilimpa mwenye lori viatu vyangu, naye akanipa vya kwake vilivyopasuka na nafasi nyuma hadi njia panda ya kambi. Viatu ni hivyo. Msiniulize tena.

Kambini

Kavira alikuwa shambani. Masika Mukubwa ndiye aliyeniona kwanza, amerefuka, anamfunga Masika Mudogo nywele mlangoni. Akanipa maji bila kuniuliza kitu, kisha akanionyesha mahali pa kukaa pasipovuja.

Kavira alipofika hakulia. Aliniambia yote hukohuko nje akiwa bado na jembe. Siku ya kuhojiwa alikuwa amesema watoto wote watatu ni wa tumbo lake, kama nilivyomfundisha. Mwenye kuandika alikuwa Madamu wa nchi ya mbali, na hakuona shida. Mkalimani ndiye aliyeona. Alikuwa kijana wa milima ya Kasese, jina lake Bwambale, mtu wa desturi yetu ileile. Madamu alimuuliza kama majina yana maana. Naye akajibu kwamba mama mmoja hazai Masika wawili.

Nilienda kumtafuta nimpige. Hiyo nawaambia bila haya. Alikuwa anakaa nyuma ya soko, na aliponiona alijua mimi ni nani, maana nafanana na Kavira. Akanikaribisha chakula, bugali ya muhogo na maharagwe. Niliwaza sahani ya Beu, nikakaa, nikala. Tulisema kwa lugha yetu. Nikamuuliza ni roho gani ilimtuma. Akasema hakuna aliyemtuma, aliulizwa akajibu. Akasema angeambiwa "huyu ni wa dada yangu marehemu" angetafsiri hivyo, na ingeandikwa hivyo, na leo wangekuwa njiani. Nyumbani mwake walikuwa watoto watatu wa kaka yake, wanamwita baba. Akauliza nani alimshauri yule mama aseme uongo.

Nilimaliza bugali. Nikanawa, nikatoka.

Aliyejibiwa ni Mama Zawadi. Huyu alikuwa karani wa mahakama Beni kabla ya vita. Kambini alikuwa anakaa chini ya paa la kanisa la mabati na mashine ya kuandikia isiyo na herufi moja, akiwaandikia watu rufaa, na kila Jumanne aliongoza wanawake hadi kwenye uzio wa ofisi wasimame pale hadi mtu atoke awajibu. Walinzi walimchukia. Nilimwambia yote, ya Kasese na ya drafti.

"Donc weye njo avoka," akasema, yaani wakili. "Avoka wa drafti. Banakulipa ngapi, viatu?"

Alipotosheka kunitukana alifanya kazi. Akasema mambo ya kufichaficha yamekwisha, sasa tutapeleka ukweli wote, mzima. Karatasi ya ubatizo itaonyesha mtoto alitoka kwa nani. Lakini lazima pia ionekane alikabidhiwa kwa nani, na hilo kwetu hufanywa na baraza la jamaa. Basi tukakaa baraza hukohuko: mimi kama mvulana wa kwanza wa nyumba yetu, Kavira, na wazee wawili wa upande wa Lubero waliomjua baba wa mtoto. Masika Mukubwa aliitwa akaulizwa anataka kukaa na nani. Alituangalia kama tumepungukiwa akili. "Na mama," akasema. Mzee mmoja akamuuliza, mama yupi? Akasema anaye mmoja aliyekufa na mmoja anayechelewa kuivisha maharagwe. Wote tukacheka, na Mama Zawadi akaandika "na Kavira."

Chumba cha Madamu

Walituita baada ya majuma mawili. Madamu hakuwa mtu mbaya. Aliinuka kutusalimia, akatupa maji katika bilauri safi. Bwambale alikaa kati. Wasichana wawili waliachwa nje kwenye benchi na mdogo wao.

Nilitoa kwanza maneno yangu. Nikasema uongo ni wangu, Kavira alirudia tu. Bwambale alitafsiri polepole, na niliona anachagua maneno mazuri. Madamu akaandika. Kisha akamgeukia Kavira na kuuliza, kati ya wale wawili, wa kuzaa ni yupi.

Alikuwa na picha zao mbele yake. Karatasi ilikuwa katika shati langu. Swali lilikuwa jepesi, na Mama Zawadi alikuwa ametuambia tuseme kweli. Lakini Kavira alitazama mlango. Madamu akarudia kwa upole uleule.

"Beko pale inje," Kavira akasema. "Weye mwenyewe uite Masika. Mwenye hatainuka, huyo hapana wangu."

Bwambale alitafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Madamu hakuita. Alivua miwani, akaifuta, akasema anaelewa, anaelewa kabisa, ila fomu ina mstari mmoja wa mama.

Ninyi mmenisikia nikitukana askari miaka yote. Askari haelewi, na hajidai kuelewa. Huyu alielewa. Alielewa, kisha akaendelea kushika kalamu. Tangu siku ile neno hilo likisemwa karibu nami nainuka naondoka.

Nikatoa karatasi. Ningefanya nini? Akaisoma, akatazama lile doa, akasoma na ya baraza. Akashukuru. Kwa rula akapiga mstari juu ya neno mwongo, nimeona kwa macho yangu, na kwa muda mfupi nilifikiri tumeshinda. Halafu akafungua droo, akatoa faili nyingine, mpya, tupu, akaandika juu yake jina la Masika Mukubwa peke yake.

Sasa zilikuwa faili mbili. Ya Kavira ilikuwa tayari, na tarehe yake ilikuwa imewekwa na nchi ile, haingoji. Ya Masika Mukubwa ilianza upya: mtoto asiye na wazazi, ichunguzwe kama yupo mwenye haki zaidi juu yake, ichunguzwe kama ni vema kwake kusafiri na mwanamke asiye mama yake. Mwaka, labda zaidi. Kavira anaweza kutangulia na wake wawili, mwingine huenda akafuata.

Mama Zawadi, aliyekuwa ameachwa nje, aliingia bila kuitwa. Akataka iandikwe kwamba jamaa wanaomba kusafiri pamoja, na akakataa kutoka hadi ombi limepigwa muhuri wa kupokelewa. Alipata muhuri. Hicho ndicho tulichotoka nacho.

Kavira alitangulia mbele yangu hadi bombani. Akainamisha dumu, akaniita kaka mkubwa kama tunavyosema kwetu: "Yaya, kuileta karatasi haukukosea. Ulikosea ile siku ya kwanza." Akangoja dumu lijae.

Basi

Nilibaki nikawasaidia kuvuna maharagwe, maana sikuwa na uso wa kuondoka. Basi lilikuja asubuhi, likasimama kwenye uwanja wa kanisa. Watu waliokuwa wanaondoka walikuwa wamevaa nguo zao zote, koti juu ya koti, na wasioondoka tulikuja kutazama. Mtu wa orodha alikuwa na kipaza sauti.

Kavira alikuja na watoto wote watatu. Mizigo hakuleta. Nilidhani ameiacha mahali. Masika Mukubwa ndiye aliyekuwa na mfuko, amewafungia wadogo zake nguo na viazi vya njiani.

Likasomwa jina la Kavira. Likasomwa la Paluku, na mimi mjinga nikashtuka nusu niitike. Likasomwa Masika.

Wakainuka wote wawili.

Mtu wa orodha alitazama picha, akatazama wasichana, akasema mmoja tu, huyu mdogo. Masika Mukubwa akakaa tena haraka, kama mtu aliyekosea kanisani, na akamsukuma mwenzake mgongoni. "Mama, muende," akasema. "Mimi nitabakia na mujomba."

Kavira akamtazama, akanitazama na mimi, hadi chini.

"Mujomba yako," akasema, "hata viatu vyake hajue bilibakia wapi. Inuka."

Akachukua mfuko mkononi mwa mtoto, akawarudisha wote watatu kwa njia ya bombani. Mtu wa orodha alisoma jina lake mara ya pili na ya tatu, halafu akapiga mstari. Sijui kama tarehe nyingine itakuja. Mama Zawadi anasimama kwenye uzio kila Jumanne, na sasa Kavira anasimama naye, na Bwambale, nimeambiwa, hupita upande wa pili akiwapelekea jibu kabla halijatangazwa.

Kabla basi halijaondoka nilipanda ngazi nikachungulia ndani, hadi mlinzi aliponivuta shati. Viti vitatu vya Kavira vilikuwa vitupu. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, kulikuwa na kiti cha nne ambacho hakikuandikiwa mtu yeyote, kimewekewa chupa za maji.

Kwa hiyo mkiniuliza tena kama dada yangu amepanda ndege, jibu ni hapana. Na nafasi ilikuwepo.